Mpira wa Kompadre

Watu wa hapa Santa Brígida wanapenda kusema mkono wa mdogo wangu uliharibiwa na uzee. Uzee gani? Mtu alikuwa na miaka thelathini na moja! Waulize siku ile walikuwa wapi, watakwambia walisikia kwenye redio. Redio ina macho? Mimi nilikuwepo. Nilikaa juani kwenye mbao za bei rahisi kule Havana, na macho yangu haya hayajawahi kuvaa miwani.

Mdogo wangu ni Eustaquio Zulueta, nyumbani tunamwita Taquio. Kwenye besiboli alikuwa mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja juu ya kichuguu na kumrushia mpira mtu mwenye gongo. Baba yetu alikata miwa ya kiwanda hiki mpaka siku aliyokufa, na Taquio naye angekata, ila Mungu alimpa ule mkono wa kulia. Mpira ukitoka kwenye mkono ule ulikuwa unakuja kama unakwenda kwa jirani, halafu unabadili nia, unaingia kwako. Wanaume wazima walikuwa wanapiga upepo na kuangalia gongo lao kama limetoboka.

Aliyemdakia mipira hiyo tangu utotoni ni Evelio Toledo, mtoto wa mpima miwa. Evelio ni mweupe, macho ya kijani kama chupa. Walianza na mpira wa nyuzi na kizibo, glavu zao za gunia, na mara ngapi nimewafukuza na fimbo kwa kunichafulia nguo nilizoanika! Evelio alikula zaidi kwetu kuliko kwao. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Ningekuwa naweza kusema hivyo, ningelala vizuri zaidi. Binti yake Obdulia alipozaliwa, Taquio ndiye aliyembeba kwenye beseni la ubatizo, na padri akatazama ule mkono mweusi chini ya kile kitambaa cheupe, akauliza kama hakuna mtu mwingine. Evelio akamjibu kanisa zima likisikia, "Wengine wako wengi, padri. Ndugu yangu ni huyu."

Tangu hapo wakawa makompadre. Kwetu ukimbatizia mtu mtoto, wewe na yeye mmeshakuwa ndugu mbele ya Mungu. Hamtukanani. Hampitani njiani bila salamu, hata kama jana mlitaka kuuana. Utamwona mtu kanuna kama mbuzi aliyenyeshewa, lakini atasema "kompadre" ndipo apite.

Na kuna jambo la mpira, ambalo nje ya viwanda vya huku sijui kama watu wanalo. Siku muwa wa mwisho unaposagwa, king'ora kinalia mpaka mbwa wanajificha, nguruwe anachomwa, na waliooa wanacheza na makapera. Siku hiyo mrushaji akiona mwenye gongo ni kompadre wake, anagusa kofia, halafu anagusa mkanda. Maana yake: huu ni wako. Anaurusha polepole, umenyooka, usawa wa kitovu, ili mke na watoto wamwone baba yao akiupeleka angani. Na aliyepewa naye ana wajibu wake. Anaupiga juu, upande wa kushoto, uende ukaangukie kwenye miwa. Haurudishi katikati, hata kwa bahati mbaya, kwa sababu aliyeurusha ameshashusha mikono. Amesimama anautazama na kucheka. Watoto wa hapa wanalijua hilo kabla hawajajua sala ya Baba Yetu, na sijawahi kuona mtu akilivunja kwenye uwanja wetu.

Taquio alipokua akaanza kwenda Kaskazini, ng'ambo ya bahari, kila kiangazi, kucheza ligi ya weusi, maana ile ya weupe haikutaka hata kumsikia. Aprili anapanda meli, Oktoba anarudi amekonda, na miezi ya baridi anacheza Havana. Walikuwa wanasafiri usiku kucha kwenye basi, wanalala humo humo, wanashuka asubuhi wanacheza mechi mbili. Hakuwa mtu wa kulalamika. Kitu kimoja tu alinisimulia, siku moja nikimkata nywele.

"Dada, kuna mji mmoja tulinunua supu kwa dirisha la jikoni. Supu walitupa. Moto, nzuri. Kijiko wakatunyima."

"Mkafanyaje?"

"Tukangoja ipoe, tukanywa kama ng'ombe. Mzee mzima wa timu yetu, mjukuu anaye, anainamia bakuli." Akapangusa nywele begani. "Tangu siku ile natembea na kijiko changu."

Na kweli, kwenye mfuko wake wa jezi kulikuwa na kijiko cha hapa nyumbani, nilikuwa nimekitafuta mwaka mzima. Nilikirudisha palepale nilipokikuta, na nililia.

Basi msimu mmoja akaja mtu wa Kaskazini, wakala wa timu ya weupe, amesikia habari za mrushaji wa Santa Brígida ambaye hagusiki. Alifika mchezo umeshaanza, akakaa mbali, kofia usoni. Alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Mchezo ulipokwisha akashuka uwanjani, mkono umenyooshwa, na alipomkaribia Taquio na kumwona vizuri, ule mkono ukarudi mfukoni. Lo! Nilitamani ardhi inimeze, na mimi sikuwa nimekosa lolote. Yule bwana akageuza shingo, akamwona Evelio anavua kinyago cha udakaji, uso mweupe, jasho. Alikuja kumtazama ndugu yangu, akaondoka na Evelio.

Evelio hakukubali upesi, nampa haki yake. Alikuja kwetu, akakaa jikoni, akasema, "Bila Taquio siendi. Waende zao."

"Acha ujinga," Taquio akamwambia. "Obdulia atakula nini, ukaidi wako? Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi nina Mexico."

Mexico ndiyo ilikuwa ndoto yake. Huko ligi ilikuwa moja kwa wote, mweusi na mweupe wanakaa meza moja. "Mexico, dada, unaingia hotelini kwa mlango wa mbele," alikuwa akiniambia, kama mtoto anayesimulia peponi. "Nakuchukua wewe na mama. Mama atakaa kwenye kiti cha hotelini aletewe chokoleti na mtu aliyevaa tai." Mama yetu Petrona akimsikia alikuwa anamjibu, "Tai ya nini? Chokoleti yenyewe iwe tamu basi." Lakini usiku alikuwa anaipiga pasi gauni yake ya kanisani.

Machi iliyofuata, timu ya weupe iliyomchukua Evelio ikaja Havana kujinoa kabla ya msimu, ikapanga kucheza na mchanganyiko wa wachezaji wetu. Taquio akaitwa arushe. Na bwana wa Mexico, mwenye kofia ya majani na mnyororo wa saa tumboni, alikuwa amemtumia salamu: nakuja kukuona, ukiwa vile wanavyosema, wiki ijayo tunapanda meli pamoja. Nilitoka na treni ya alfajiri. Nilimkuta Taquio kwenye kibanda cha kahawa, amenyoa, anatabasamu peke yake.

"Leo jioni wale weupe wanapunguza watu," akaniambia. "Mji mzima unalisema. Evelio hajapiga hata mpira mmoja wa maana tangu waje. Asipopiga leo, anarudi nyumbani."

"Arudi. Nyumba si ipo?"

"Dada."

"Dada nini? Leo ni siku yako. Usinianzie huruma hapa. Tupa mpira, twende Mexico."

Akacheka, akanipa nusu ya mkate wake.

Sasa sikiliza. Kabla ya mchezo timu zote mbili zilikuwa zinanyoosha viungo, na Evelio akawa anapita mbele ya Taquio, karibu hivi, ungeweza kuwafunika kwa shuka moja. Taquio akafungua mikono. "Kompadre!" Kocha wa Kaskazini alikuwa amesimama nyuma, anatazama. Evelio akainama kufunga kamba za kiatu. Kamba ambazo zilikuwa zimefungwa! Ndugu yangu alibaki na mikono hewani kama mtu anayepima nguo, halafu akaishusha.

Kule juani tuliokaa wote tuliona. Huko hakuna siri.

"We Evelio! Kimekudondoka nini?"

"Mwache, anatafuta adabu yake hapo chini!"

"Hataiona! Aliiacha kwa mama yake!"

Mimi sikucheka. Nilihisi mtu amemwaga maji ya ubatizo chooni. Mungu anisamehe, lakini hivyo ndivyo nilivyohisi, na nikamwomba Taquio kimoyomoyo amuaibishe mpaka arudi kwao kwa miguu.

Mara nikasikia mtu ananishika bega. Hortensia, mke wa Evelio. Amepewa kiti cha kivulini na timu, akakiacha, akaja kukaa juani na mimi, macho mekundu. "Nisogezee, dada Nicasia," akasema. "Kule sijui mtu." Ningemfukuza vipi? Nikamsogezea.

Taquio alirusha siku ile kama ambavyo hajawahi kurusha. Wale wanaume wakubwa, wekundu, wanaokula nyama asubuhi, walikuja mmoja mmoja na kurudi mmoja mmoja. Evelio aliposhika gongo mara ya kwanza hakupata hata tabasamu. Mpira ulipinda, ukapinda, ukapinda tena, akatolewa hajagusa kitu. Mara ya pili aliugusa, ukafia miguuni pake mwenyewe. Bwana wa Mexico alikuwa ameshavua kofia na anajipepea, uso unang'aa. Tuliongoza tano bila.

Hortensia alikuwa anaminya rozari. "Si mpigaji mbaya, dada, unamjua," akaninong'oneza. "Wamembadilisha. Zamani si alikuwa anauvuta kushoto? Kocha wake kamfunga kamba kwapani, kila siku ni wimbo mmoja: rudisha mpira ulikotoka, rudisha mpira ulikotoka. Sasa hata usingizini mikono inakwenda hivyohivyo. Juzi kanipiga kiwiko cha ubavuni."

Nilimsikia kwa sikio moja. Jicho langu lilikuwa kwa bwana wa Mexico.

Zamu ya mwisho, Evelio akaja tena. Mtu ungemwona, hata mimi niliyekuwa nimekasirika, ungesema maskini. Alitema mate, akajipangusa mikono kwenye suruali, akajipangusa tena, halafu kwa mara ya kwanza siku ile akainua macho, akamtazama ndugu yangu. Taquio alimtazama muda mrefu. Hata mwamuzi akamhimiza.

Kisha Taquio akagusa kofia. Akagusa mkanda.

Kwanza nilikasirika. Nikasonya, nikasema, mjinga wewe, aliyekunyima salamu unampa zawadi! Halafu ule wimbo wa Hortensia ukanirudia kichwani, mwili wote ukaingia baridi. Rudisha mpira ulikotoka. Nikaruka nikasimama juu ya ubao. "Taquio! Usirushe! Taquio!" Na nani angenisikia? Uwanja mzima ulikuwa unaliimba jina hilohilo.

Ukaenda polepole, umenyooka, usawa wa kitovu. Taquio alikuwa ameshashusha mikono. Nilikuwa mbali, lakini nafahamu namna anavyosimama akicheka, na alikuwa anacheka.

Evelio aliijua ile ishara. Aliijua tangu hajaota ndevu. Lakini mikono yake ilikuwa imefundishwa kwingine, ikafanya ilichofundishwa. Mpira ulirudi ulikotoka. Taquio alichoweza ni kuinua mkono kuukinga uso, na mkono alioinua ni ule wa kulia, mtupu, hauna glavu. Nilisikia mlio, na mtu asiniambie kwamba kutoka kule juani hausikiki.

Evelio akakimbia. Mpigaji akipiga hukimbia, ndiyo sheria. Alifika kituo cha kwanza, akakanyaga, akasimama. Mpira ulikuwa bado unabiringika kwenye nyasi na Taquio amepiga magoti juu ya kichuguu, mkono kauficha tumboni. Watu wetu walimkimbilia. Evelio hakutoka kituoni. Angetoka angehesabiwa nje, na kituo kile kilikuwa mkate wa mtoto wake, nalielewa hilo, msidhani silielewi. Lakini tulikuwa tunamtazama maelfu ya watu, na mtu ambaye padri alishindwa kumtenga na ndugu yake alitengwa naye na kile kituo, mfuko wa mchanga uliotandikwa chini. Kocha wake alimpigia makofi.

Shukrani ya punda ni mateke. Nilimwambia Hortensia hivyo palepale, usoni, na yeye akalia.

Tulimtoa Taquio kwa gari la mchuuzi wa barafu, maana ndilo lililokuwa mlangoni. Nilimlaza kichwa mapajani. Vidole viwili vilikuwa vinatazama ambako vidole havitazami. Nilikuwa natukana wote, Kaskazini, kocha, mama aliyemzaa Evelio, nilipomsikia ananiita.

"Dada. Amefika?"

"Nani?"

"Evelio. Kituo cha kwanza. Alifika?"

Nilitaka kumzaba kofi. "Alifika," nikasema.

"Basi," akasema, akafumba macho.

Bwana wa Mexico alikuwa ameshavaa kofia yake na kuondoka kabla hatujafika getini. Mifupa iliungwa, lakini iliungika inavyotaka yenyewe. Vidole vilibaki vimekunjika kama vimeshika kitu kisichoonekana. Taquio alijaribu kurusha mwaka mzima, nyuma ya ghala la kiwanda, akidhani hatumwoni. Mpira ulikuwa unatoka mkononi unaanguka njiani. Siku moja alirudi bila mpira na hakuutafuta tena. Akajifunza kula kwa mkono wa kushoto, kwa kile kijiko chake. Mama akaikunja ile gauni, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na mwaka uliofuata tulimzika nayo.

Na Evelio? Alikwenda Kaskazini kwa pigo lile moja. Msidhani alikaa. Kule walipomrushia mipira ya kweli hakugusa tena, na mvua za mwaka huo hazijaisha wakawa wamemrudisha. Mpanda ngazi hushuka, nilisema, na nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Mkono wa ndugu yangu ulikuwa umenunua kitu ambacho hakikudumu hata mpaka miwa ikomae.

Alirudi majira mafu, kiwanda kimezimwa, hakuna kazi, watu wote wamekaa milangoni. Akawa anapita upande wa pili wa barabara, kule kwenye matope, ili asipite mbele yetu. Wiki nzima namwona, viatu vimeloa, macho chini. Mimi namtazama tu, nachambua maharagwe.

Taquio ndiye aliyeinuka kitini. "Kompadre!" akaita. "Unapita hivihivi, kama mbwa wa watu?"

Evelio akasimama kwenye matope. Akavuka. Alipofika kizingitini alivua kofia, akautazama ule mkono, akaanza kulia kama mtu anayetapika.

"Nilisahau, Taquio. Naapa. Niliiona kofia, niliuona mkanda, nikasema kushoto, kushoto. Mikono ikasahau."

"Najua."

"Na ile salamu..."

"Kaa chini, Evelio. Umelowa." Kisha akanigeukia. "Dada, mgeni hana kahawa?"

Nikaingia jikoni. Kahawa nilichemsha. Ya Taquio nikatia sukari kama kawaida yetu, mpaka kijiko kinasita. Ya Evelio sikutia hata punje. Mjue, hapa tumezungukwa na miwa, watoto wetu wanazaliwa na sukari kwenye ukucha, na kumpa mtu kahawa chungu ni kumwambia hana kwao. Nikamwekea mbele. Akainua, akaonja, uso ukamkunjana. Akanitazama.

Taquio alinusa tu, akajua. "Dada, sukari imekwisha?"

"Imekwisha," nikasema, na gunia liko nyuma yangu, mdomo wazi.

Evelio alikunywa, funda moja baada ya jingine, hakuomba sukari. Nikawapa kisogo, nikajifanya napanga vyombo. Nilipogeuka niliwaona. Taquio alikuwa ameshika kikombe chake kwa ule mkono wa kulia, vidole vimekipata vibaya, kinatetemeka, anamimina nusu ya kahawa yake kwenye kikombe cha Evelio. Nyingine ilikuwa inamwagika mezani, inamuunguza, na anacheka.

Nikasonya. Nikachukua kitambaa nikafuta meza, halafu nikaenda uani kulia peke yangu.